Hoja na Kisichokuwa Hoja: Kisima cha Liyongo, Maji ya Tana na Uzembe wa Wahakiki

Ni nadra siku hizi kuikuta tasnifu ya fasihi ya Kiswahili ambayo haikulitapanya neno hoja katika kila ukurasa wake. Mshairi akiusifu mnazi, mhakiki huandika kwamba "anajenga hoja" kuhusu mazingira. Msimulizi akieleza jinsi shujaa alivyotiwa gerezani, huambiwa kwamba "anatoa hoja" dhidi ya udhalimu wa watawala. Mama akimuusia bintiye, husemwa kuwa "anaitetea hoja" ya utiifu. Hata maelezo ya mvua katika sura ya kwanza ya riwaya hayasalimiki. Neno lililotokana na Kiarabu hujja, na ambalo kwa wanazuoni wa pwani lilikuwa na uzito wa ushahidi unaoletwa mbele ya kadhi, limegeuzwa kuwa chumvi ya mpishi asiyeonja.

Lau kosa hili lingekuwa la istilahi tu, lingeachiwa wahariri walisahihishe kwa kalamu nyekundu. Lakini madhara yake yanavuka mipaka ya chuo, tena yanakwenda pande mbili kwa pamoja. Kwanza, masimulizi, maelezo na nasaha hubebeshwa mzigo wa uthibitisho ambao hayakuumbwa kuubeba. Pili, na hili ndilo zito zaidi, hoja za kweli za watu, zilizotolewa barazani kwa misingi iliyopangwa na kuelekezwa kwenye hitimisho, huchukuliwa kuwa mapambo ya fasihi simulizi, zikawekwa kabatini pamoja na vitendawili na ngano, na kwa hiyo hazijibiwi na mtu. Bonde la chini la Mto Tana, kutoka Garsen hadi mto unapomwagikia baharini karibu na Kipini, linatoa mfano wa madhara yote mawili. Ni nchi inayohusishwa na Fumo Liyongo, shujaa ambaye wahakiki wamemwandika sana. Ni nchi pia ambamo wakulima na wafugaji wamebishana juu ya ardhi na maji kwa muda mrefu, na ubishi huo umegharimu roho za watu.

Kabla ya kufika huko, hapana budi jambo la msingi lielezwe, kwa kuwa inaonekana limesahauliwa. Hoja ni fungu la usemi lenye kauli zisizopungua mbili, ambamo moja hutolewa ili ikubaliwe na nyingine hutolewa kuwa msingi wa kukubaliwa kwake. Ile ya kwanza ni hitimisho. Hizo nyingine ni misingi. Ukweli wa kauli hizo ni suala jingine kabisa: hoja mbovu bado ni hoja, na kisa cha kweli tupu bado si hoja. Kinacholifanya fungu la usemi liwe hoja ni kazi ambayo msemaji ameipa kauli moja kwa ajili ya nyingine. Pasipo kazi hiyo, yaliyopo ni masimulizi, au maelezo, au ufafanuzi wa sababu, au amri, au dua, au dai lililosimama peke yake. Aristotle alikwisha kutaja kwamba dua ni usemi lakini haiwezi kuitwa kweli wala uongo. Elimu ya balagha ya Kiarabu nayo iligawa usemi katika khabari, yaani unaoweza kusadikiwa au kukanushwa, na inshai, yaani wa kuamuru, kukataza, kuuliza na kutamani. Irving Copi, katika kitabu chake cha mantiki kilichotoka 1953 na ambacho wanafunzi wa vyuo vingi wamekitumia, aliwatahadharisha wasomaji wake wasichanganye hoja na ufafanuzi wa sababu. Mambo haya si mapya wala si magumu. Ni ya mwaka wa kwanza. Linalostaajabisha ni kwamba mhakiki wa fasihi, ambaye kazi yake ni kuutazama usemi kwa makini kuliko watu wengine, ndiye anayeyapuuza.

Ugumu wa kweli uko katika lugha yenyewe, na hapa Kiswahili kinastahili kuchunguzwa kwa subira. Chukua kauli hii: "Ng'ombe wameingia shambani kwa sababu malka imefungwa." Malka ni njia ya mifugo ya kuufikia mto, na neno hilo linafahamika kwa kila mtu kule Garsen, mkulima na mfugaji. Ikiwa ng'ombe wamo shambani na kila mtu anawaona, hapana anayebisha. Maneno yanayofuata "kwa sababu" yanaeleza tu kilicholeta jambo hilo. Huo ni ufafanuzi wa sababu. Sasa igeuze: "Malka imefungwa, kwa sababu ng'ombe wameingia shambani." Aliye mbali na mto, ambaye hajui kama njia imefungwa au la, anapewa hapa ushahidi wa kumfanya aamini. Hiyo ni hoja, na inaweza kupingwa: huenda mchungaji alilala, huenda shamba halikuwa na ua. Kiunganishi ni kile kile na matukio ni yale yale. Kilichobadilika ni kitu gani kinajulikana na kitu gani kinabishaniwa baina ya msemaji na msikilizaji wake. Mhakiki anayehesabu viunganishi ili ajue hoja ziko ngapi ni sawa na mvuvi anayehesabu makasia ili ajue samaki ni wangapi.

Neno "basi" lina mtego wake. Katika ngano, "basi akaondoka, akaenda, akafika" ni mfuatano wa matendo, na kiambishi -ka- kinaukaza mfuatano huo. Katika mjadala, "basi hana haki" ni hitimisho. Msimulizi hodari huweza kupita kutoka "basi" ya kwanza hadi ya pili pasipo kubadili sauti, na hapo ndipo sikio la mhakiki linapohitajika. "Maana", ambayo watu wa pwani huitumia kwa maana ya "kwa kuwa", huja mara kwa sababu na mara kwa ushahidi. "Ndiyo maana" aghalabu hueleza tu kwa nini jambo linalojulikana limekuwa. Kauli yenye "ikiwa" nayo si hoja kwa nafsi yake: anayesema kwamba ikiwa mto utafurika mpunga utapona hajasema kuwa mto utafurika, wala hajasema kuwa mpunga utapona. Vitabu vya sarufi vinavipanga viunganishi hivi katika orodha moja ya "viunganishi vya sababu na matokeo" na kuendelea na safari. Inafaa mwanaisimu mmoja aifanye kazi hiyo upya.

Sasa Liyongo. Utendi maarufu kuliko zote juu yake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kabla ya hapo Edward Steere alikwisha kukichapa kisa chake katika mkusanyo wa hadithi za Kiswahili wa mwaka 1870. Wapokomo nao wanamkumbuka katika masimulizi yao. Kisa chenyewe kinajulikana: mtu mwenye nguvu zisizo kifani, uhasama wake na mtawala wa Pate, kifungo, tupa iliyofichwa ndani ya mkate, ngoma ya gungu iliyofunika sauti ya minyororo ikikatwa, kisha usaliti wa mwana aliyemchoma babaye kwa sindano ya shaba. Anapokufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai.

Katika kisa hicho wanatajwa Wagala, jina ambalo Waoromo wenyewe hawalipendi, na ambao Waorma wa Tana ni jamaa zao. Wanafika Pate kutafuta chakula, wanasikia habari za shujaa, wanatamani mbegu yake katika ukoo wao, na wanamwoza mwanamke wao. Mwana msaliti anazaliwa katika ndoa hiyo.

Mtu akiisoma sehemu hii kwa macho ya mgogoro wa leo, vishawishi viwili vinamjia. Anayetaka kuonyesha kwamba wafugaji ni wenyeji wa kale wa nchi ya Ozi na Tana atasema: utendi unawataja, basi walikuwapo. Anayetaka kuonyesha kwamba ni wageni atasema: utendi unawaonyesha wakitoka mbali kuja kutafuta chakula, basi si wa hapa. Na atakayetaka kuchochea zaidi ataongeza kwamba damu ya usaliti ilitoka kwao. Fungu moja la masimulizi limezaa mahitimisho matatu, mawili kati yake yakipingana, na lenyewe halikusema hata moja. Kijumwa alikuwa akisimulia. "Basi" zake ni za mfuatano. Hakuna mahali anapouliza nani mwenye nchi, na asiyeuliza swali hawezi kushtakiwa kwamba amelijibu.

Wahakiki wenye bidii hudhani wamejiepusha na mtego huu kwa sababu wao hawazungumzii ardhi. Wao huzungumzia "ujumbe". Lakini ndio waliouandaa. Mtindo wa uhakiki uliotawala shule na vyuo vya Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, ule wa kuigawa kazi katika fani na maudhui, kisha maudhui katika dhamira, ujumbe, msimamo na falsafa, unamlazimisha mwanafunzi akamue kutoka katika kila kazi sentensi moja ambayo mwandishi "anaishikilia". Jedwali likishachorwa halikubali kuachwa tupu. Mwanafunzi anayeandika kwamba utendi wa Kijumwa hauna msimamo uliotamkwa juu ya jambo fulani, kwa kuwa unasimulia, anahatarisha alama zake. Anayebuni msimamo anapasishwa. Baada ya miaka kumi ya mazoezi ya namna hiyo, msomaji hawezi tena kusikia kisa pasipo kusikia dai, wala kusikia dai pasipo kudhani limethibitishwa. Akitoka chuoni anakuwa mwalimu, mwandishi wa habari, au karani wa tume.

Swali la kama Liyongo aliishi, na lini, limeharibiwa na ugonjwa huo huo. Makadirio ya wataalamu juu ya wakati wake yanatofautiana kwa karne kadhaa, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na kulisoma fungu la masimulizi kana kwamba ni ushahidi uliotolewa kwa kiapo. Hili halina maana kwamba utendi haufai kwa historia. Unafaa sana, lakini kwa njia nyingine: mwanahistoria huuchukua utendi wote kuwa kitu kilichopo, kilichoandikwa Lamu mwaka 1913 na mtu mwenye wasomaji wake, kisha anajenga hoja yake mwenyewe, akitaja misingi mingine ya kwa nini kitu hicho kimekuwa vile kilivyo. Hapo hoja ni ya mwanahistoria na lawama ni yake ikianguka. Asijifiche nyuma ya marehemu Kijumwa.

Mfano wa Mwana Kupona unaweza kupitiwa kwa haraka. Utendi wake wa 1858 ni usia, yaani katika mgawanyo wa balagha sehemu yake kubwa ni inshai. Wanaoulaumu na wanaoutetea wamekubaliana juu ya kosa moja, kwamba usia wote ni hoja moja kubwa kuhusu nafasi ya mwanamke. Ndani yake zimo sehemu chache ambamo amri inapewa msingi, na hizo zingestahili kutazamwa moja moja kuona msingi ni upi na umetosha kwa lipi. Kazi hiyo ndogo haifanywi kwa sababu kelele za kazi kubwa zimeshaanza.

Lakini tazama Garsen kwenyewe, ambako jambo hili si la alama za mtihani. Kwa miaka mingi waandishi, wa magazeti na wa tasnifu, wameufupisha mgogoro wa Tana katika sentensi mbili zinazowekwa uso kwa uso. Wapokomo, huandikwa, wanasema ardhi ni yao. Waorma, huandikwa, wanasema maji ni ya Mungu. Kisha hufuata kichwa kama "hoja za pande mbili", na mwandishi huhitimisha kwamba hoja hizo hazipatanishiki. Mwaka 2012 sentensi hizo mbili zilirudiwa katika taarifa chungu nzima. Tarehe 22 Agosti mwaka huo kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu wapatao 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba yakafuata mauaji ya Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba ya Kipao. Waliokufa kwa jumla walipita mia moja, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Mauaji hayo yalikuwa na sababu nyingi, pamoja na siasa za uchaguzi wa Machi 2013, na itakuwa upuuzi kudai kwamba wahakiki wa fasihi waliyasababisha. Suala hapa ni namna yalivyoelezwa.

Zitazame sentensi zenyewe. "Ardhi ni yetu" ni dai. "Maji ni ya Mungu" ni tamko la imani. Hakuna hata moja iliyopewa msingi, kwa hiyo hakuna hoja upande wowote. Tena, na hili ni ajabu kwamba limewapita watu wengi, sentensi hizo hazipingani. Moja inahusu ardhi na nyingine inahusu maji. Mtu mmoja anaweza kuzikubali zote mbili asubuhi na asiwe amejipinga jioni. Na bila shaka wako wakulima wengi bondeni wanaoamini kwa dhati kwamba maji ni ya Mungu. Ili zipingane, lazima iongezwe kauli ya tatu, isiyotamkwa: kwamba mwenye haki ya maji ana haki ya kupita juu ya ardhi ili kuyafikia. Hapo ndipo ugomvi ulipo. Mfugaji anaiona kauli hiyo kuwa wazi kiasi kwamba haihitaji kusemwa. Mkulima anaiona kuwa uongo wa wazi kiasi kwamba haihitaji kukanushwa. Waandishi, waliopewa sentensi mbili za kunukulika, hawakuitafuta ya tatu, kwa sababu tayari walikuwa wameziita zile mbili hoja na kuona kazi imekwisha.

Hoja zenyewe zipo, na anayetaka anaweza kuzipanga. Ya mfugaji inaweza kwenda hivi. Wakati wa kiangazi nyika iliyo mbali na mto hukauka. Mifugo haiwezi kuishi pasipo kufikishwa mtoni. Njia za kufikia mto zilitumika kabla ya mashamba mengi kupimwa. Na anayeifunga njia iliyokuwa ikitumika bila kutoa nyingine anamwondolea mwenziwe riziki. Kwa hiyo malka ziachwe wazi. Ya mkulima nayo ina mpango wake. Ardhi inayofaa kwa mpunga, ndizi na maembe ni ukanda unaotegemea maji ya mto na mafuriko yake. Ukanda huo umelimwa na koo zinazojulikana kwa vizazi. Kundi la ng'ombe kwa siku moja huweza kumaliza kazi ya msimu mzima. Na mwenye kubeba hasara ndiye anayestahili kuulizwa kabla ya wengine kupita. Kwa hiyo asiingie mtu shambani bila ridhaa ya mwenye shamba.

Msomaji ataona mara moja kwamba mahitimisho haya mawili yanakaribiana kuliko zile sentensi mbili zilizozoeleka. Moja linahusu njia na jingine linahusu mashamba. Yanagongana pale tu ambapo njia na shamba ni mahali pamoja, na mahali hapo panaweza kuhesabiwa, kutembelewa na kubishaniwa pamoja na wenyewe. Ataona pia kwamba kila msingi unaweza kuulizwa swali. Je, njia ile ilikuwapo kweli kabla ya shamba hili? Je, mafuriko bado yanakuja kama zamani, ilhali Bwawa la Masinga lilikamilika 1981 na la Kiambere likafuata 1988, na mengine yako juu zaidi ya mto? Msingi ukiyumba, hoja inarekebishwa. Tamko la imani haliyumbi, wala halirekebishwi. Hukubaliwa au hukataliwa pamoja na anayelisema. Kumwambia mfugaji kwamba "hoja" yake ni kuwa maji ni ya Mungu ni kumnyima nafasi ya kujibiwa, na kumlazimisha mpinzani wake aonekane kama anayempinga Mungu.

Katiba ya Kenya ya 2010 haikulimaliza jambo hili. Kifungu cha 62 kinaihesabu mito katika ardhi ya umma na kifungu cha 63 kinaitambua ardhi ya jamii, lakini vifungu hivyo viwili peke yake havisemi ng'ombe apite wapi. Kauli ya tatu bado inangoja kutamkwa na kutetewa.

Kuna pingamizi ambalo litaletwa, na linastahili heshima. Watasema baadhi ya wataalamu wa fasihi simulizi kwamba utengano huu wa hoja na masimulizi umeagizwa kutoka nje. Kwamba mzee wa Kiafrika hubishana kwa kisa na methali. Kwamba Gasa ya Wapokomo na Matadeda ya Waorma, yaani mabaraza ya wazee, hayatumii misingi na mahitimisho bali hekima. Na kwamba kudai mpango wa mantiki ni kuwapima watu kwa pishi lisilo lao. Pingamizi hili lina sura ya kuwatetea wazee. Kwa kweli linawatukana. Linadai kwamba watu waliosuluhisha kesi za mahari, mirathi na mipaka kwa karne nzima hawakupata kutoa sababu ya kuamini jambo lolote, bali walikuwa wakisimuliana tu. Yeyote aliyekaa barazani anajua kwamba mzee aliyeleta kisa pasipo kuonyesha kinavyohusu kesi hukatizwa, tena kwa adabu kali.

Ni kweli kwamba kisa huweza kutumika katika hoja. Mzee akisimama mbele ya wenzake, wakati kisima kimezungushiwa ua na watu wanabishana, akakumbusha kwamba Liyongo alipokufa kando ya maji mji mzima ulikaa na kiu kwa kumwogopa maiti, kisha akasema kwamba anayewatisha watu wasifike majini anawaua kwa kiu hata kama hana silaha ya kweli, huyo ametoa hoja. Lakini hoja ni ya mzee, imetolewa siku ile, juu ya kisima kile. Kisa amekitumia kuwa msingi wa mfano, na mwenzake anaweza kumjibu kwamba mfano haufanani, kwa kuwa kisima cha Liyongo kilikuwa cha mji na hiki kimechimbwa na mtu mmoja kwa jasho lake. Anayekiandika kisa hicho baadaye na kudai kwamba utendi wenyewe "unajenga hoja" kuhusu haki ya maji amemnyang'anya mzee kazi yake na kumpa Kijumwa, ambaye hakuiomba.

Methali ni vivyo hivyo. "Maji hufuata mkondo" katika kitabu cha methali si hoja ya kitu chochote. Ikitamkwa na mtu anayewasihi wenziwe waache mambo yaende kama desturi, inakuwa msingi, na inaweza kupingwa. Pale Tana inaweza kupingwa kwa ushahidi wa macho, kwa kuwa mkondo wenyewe ulihama: katika karne ya 19 maji ya Tana yaliingia Ozi kupitia mfereji wa Belezoni uliochimbwa kwa mikono ya watu, na ndiyo maana leo yanamwagikia Kipini. Mtunga methali hakukosea. Aliyeitumia hapo ndiye angelazimika kujibu.

Hata wimbo usiodai lolote huweza kuvutwa katika hoja. Inajulikana kwamba lahani ya Wimbo wa Taifa wa Kenya, uliotayarishwa 1963, ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Husikika mara kwa mara kwamba kwa hiyo taifa lina deni kwa Wapokomo. Huenda linalo. Lakini kati ya habari ile na hitimisho hili pamekosekana kauli moja, kwamba anayechukua wimbo wa watu kwa matumizi ya taifa anawajibika kuwalipa kwa namna fulani. Kauli hiyo inaweza kutetewa vizuri sana, na itetewe. Hailetwi na lahani, hata iimbwe kwa uzuri gani.

Kosa lililo baya kuliko yote, hata hivyo, limo katika mikusanyo. Mtafiti wa fasihi simulizi hufika Garsen, Ngao au Wema na kinasa sauti. Anawaomba wazee wamwambie "methali, semi na visasili" vya jamii yao. Wazee wanazungumza saa tatu, na ndani ya saa hizo wanaeleza, wanasimulia, wanabisha na kujibizana. Mtafiti anarudi chuoni na kuyakata mazungumzo vipande vipande kwa tanzu. Kilichokuwa msingi wa hoja ya mzee mmoja kinaingia chini ya "semi". Kilichokuwa hitimisho kinaachwa kwa kuwa hakina sura ya utanzu. Jibu la mzee wa pili linatupwa kwa sababu "lilitoka nje ya mada". Swali lililoulizwa kabla ya usemi, ambalo peke yake lingemwezesha msomaji kujua kama "kwa sababu" ya mzee ilikuwa ya kueleza au ya kuthibitisha, haliandikwi kamwe. Kinachobaki ni orodha ya sentensi nzuri zisizo na msemaji, na orodha hiyo ndiyo inayonukuliwa miaka ishirini baadaye kuwa ndiyo fikra ya Wapokomo au ya Waorma juu ya maji.

Marekebisho yanayotakiwa ni madogo na hayana gharama. Mkusanyaji aandike swali, aandike nani alikuwapo, na aandike nani alibisha na kwa maneno gani. Kipande kisikatwe kabla ya jibu la mwenziwe. Pale ambapo neno "basi" au "maana" limetumika, aachie sentensi ya kabla na ya baada. Kanda nyingi zilizorekodiwa bondeni bado zimo katika makabati ya idara za lugha; nyingine zinaweza kusikika hadi leo. Anayetafuta mada ya tasnifu aanze kwa kuzirudia hizo, toka mwanzo wa kila mazungumzo, kabla ya kuomba fedha za kwenda Garsen kukusanya nyingine.